Nani Aliosha Vyombo?

Paukwa!

Nasikia sauti mbili tatu tu zikiitika. Wengine wako wapi? Aha, mmoja anakuja huku akijifutia mikono kwenye gauni, mwingine anasuuza soksi za shule, na yule wa mwisho amerudishwa bafuni kwa sababu amejimwagia maji miguuni tu akadai ameoga. Haya, kaeni. Mkeka ni mpana. Aliyekuja na ungo wa mchele aendelee kuchambua. Masikio hayachambui mchele, kwa hiyo hayana udhuru.

Leo nitawasimulia habari za watu walioimba, waliotunga na walioandika vitabu huku wakiwa na nguo za kufua kama ninyi. Habari hii nimeichagua kwa sababu ya binti mmoja wa darasa la sita hapa mtaani, anayechora mpaka kuku wake unataka kuwafukuza wasile mtama. Nilimwuliza mbona siku hizi simwoni na daftari lake. Akanijibu kwa adabu, "Bibi, nikimaliza kazi nitachora."

Akimaliza! Wajukuu zangu, fundi anayejenga nyumba ana siku ya kupaua, ana siku ya kukabidhi ufunguo na kulipwa. Anayeosha sufuria hana siku hiyo. Ukioga leo, kesho jasho limerudi. Nywele zikisukwa zinafumuka, kucha zikikatwa zinaota, na sare uliyoipiga pasi Jumapili usiku, Jumatatu saa nne asubuhi inaonekana kana kwamba ng'ombe ameitafuna. Mimi na umri wangu huu bado sijawahi kuona beseni la nguo lililofuliwa likaisha kabisa. Basi kama kuchora kunasubiri kazi za nyumbani ziishe, kuchora kutasubiri hadi mchoraji azeeke.

Lakini michoro ipo duniani, na nyimbo zipo, na vitabu vipo. Waliovitengeneza nao walikuwa na miili inayotaka kuogeshwa na matumbo yanayotaka kulishwa. Walipita wapi?

Twende kwanza Fumba, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Unguja. Huko, karibu na mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike katika familia ya watu maskini waliokuwa wakilima na kufinyanga vyungu. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, Mtumwa binti Saad. Jina la namna hiyo katika Unguja ya wakati ule lilimwambia kila mtu ukoo ule ulitoka katika hali gani.

Kufinyanga si mchezo wa matope. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakandwa mpaka ulainike, vijiwe vinatolewa kimoja kimoja, maana kijiwe kimoja kilichofichika ndicho kitakachopasua chungu motoni. Ukishafinyanga, chungu hukianiki juani kwa pupa, kinakauka taratibu. Kisha kinachomwa. Na baada ya taabu yote hiyo hujapata hata senti moja, kwa sababu wateja wako mjini, na kutoka Fumba hadi mjini ni zaidi ya kilomita 15. Vyungu vinapanda kichwani, miguu inaanza safari.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Msichana anatembea na mzigo kichwani. Shingo imenyooka, haina ruhusa ya kugeuka ovyo. Macho yanatazama njia. Miguu ina kazi, mikono ina kazi. Kiungo gani hakina kazi? Koo. Na muuza vyungu anatakiwa kutangaza biashara yake, kwa hiyo koo limepewa na ruhusa. Mtumwa aliimba. Inasimuliwa kwamba watu wa mjini waliisikia sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe, wakajua vyungu vimefika.

Hakuna aliyemwambia, "Leo usiende kuuza, kaa ujifunze kuimba." Njia ya kwenda sokoni ndiyo iliyomfunza. Na ilimfunza jambo ambalo chumba kisingeweza: mwimbaji wa barabarani anashindana na upepo, punda, watoto na wauzaji wengine, kwa hiyo sauti yake inapata nguvu ya kufika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Akapata mwalimu, Ali Muhsin, na wapigaji udi na fidla wakamzunguka, na jina likawa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, wakarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili ambazo ziliuzwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mwanamke ambaye hakupata shule ya kusoma na kuandika akawa sauti iliyosikika kwenye nyumba za watu wa kila tabaka. Sisemi kwamba kila atakayeimba akichota maji atafika Bombay. Wengi wataishia kuimba vizuri kisimani, na hilo nalo halina ubaya wowote.

Kutoka kwa Siti nimejifunza kuuliza swali moja kila ninapoanza kazi: kiungo gani hapa kimekaa bure?

Jaribuni. Ukifua, mikono imeshika nguo lakini kichwa hakina shughuli. Ukipiga deki, kichwa ni huru. Ukisubiri kwenye foleni ya bomba, kila kitu ni huru isipokuwa jicho moja la kulinda ndoo yako. Ukimbembeleza mtoto, mdomo ni huru, tena anapenda uimbe. Lakini ukikata vitunguu, ukipika kwa mafuta yanayochemka, au ukivuka barabara, hakuna kiungo kilicho bure hata kimoja, na mwenye kutunga mashairi wakati wa kukaanga samaki atatunga na ya majeraha. Msije mkasema Bibi ndiye aliyewaambia.

Wanawake wa visiwani wamelijua swali hilo tangu zamani. Mmewahi kuwaona wanaosuka ukili? Ukindu huanikwa ukakauka, ukachanwa vipande vyembamba, na vingine vikachemshwa na rangi: nyekundu, zambarau, kijani. Kisha vidole vinaanza kusuka utepe mwembamba mrefu, huo ndio ukili. Utepe huo hauna haraka. Mtu anausuka akizungumza na jirani barazani, akingoja wali uive, hata akitembea kwenda shamba, vidole vinakwenda vyenyewe bila kutazamwa na utepe unajikunja kwenye mkoba. Unapimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Pima zikishakuwa nyingi za kutosha, ukili unashonwa ubavu kwa ubavu, na hapo unapata mkeka kama huu mliokalia, wenye vipepeo na nyota zisizojua kwamba zilisukwa vipande vipande kati ya shughuli moja na nyingine.

Ninaupenda ukili kwa sababu ya umbo lake. Mkeka mzima huwezi kwenda nao shamba, lakini ukili unaweza. Waliobuni sanaa ile waliigawa ili iingie katika maisha waliyokuwa nayo, hawakusubiri wapate maisha mengine yenye nafasi zaidi. Washonaji wa kofia nao ni hivyo hivyo. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ile yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, huchukua wiki nyingi, lakini kitambaa kinakunjwa mfukoni na sindano inakwenda popote. Anayetaka kuchora, basi, asingoje karatasi kubwa na meza. Kijidaftari cha kuingia mfukoni na penseli fupi vinatosha kuchora mguu wa mbuzi wakati unamlinda huyo mbuzi.

Tena kuna kazi za kujitunza ambazo zenyewe ni sanaa, sema tumezizoea mno. Jumapili alasiri, msichana mmoja amekaa chini, mwenzake amemkalisha katikati ya magoti, kitana kimechomekwa kwenye nywele, mafuta yako pembeni. Wanasuka kwa ajili ya shule, si kwa ajili ya maonyesho. Lakini tazameni mistari: imegawanywa sawa bila rula, inageuka sikioni, inakutana kisogoni. Hata twende kilioni, msuko rahisi kuliko yote, ukisukwa na mkono mzuri unaonekana na ukisukwa na mkono mbaya unaonekana zaidi. Na kwa kuwa anayesukwa hawezi kuinuka kwa saa nzima, hadithi zinatolewa zote, za kweli na za kuongezwa chumvi. Mimi hadithi zangu nyingi nilizisikia kichwa kikiwa kimeinamishwa.

Sasa tuvuke bahari tufike Tanga, kwa mtu mliyemsoma shuleni. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Mkiona jina lake kwenye vitabu, huenda mnafikiri alikuwa mtu wa kukaa chini ya mwembe akitunga tangu asubuhi mpaka jioni. La. Alikuwa karani. Alianza kazi ya forodha mwaka 1926 na akaifanya kwa miaka 18, kisha akahamishiwa idara nyingine za serikali. Karani wa forodha anahesabu mizigo, anaandika hati, anajibu barua za wakubwa, na akikosea tarakimu moja anaitwa. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958 zimechapishwa kuwa kitabu, nazo zinamwonyesha mtu mwenye familia na majukumu kama mtu mwingine yeyote.

Na mtu huyo akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vikuu vya mwaka 1939 hadi 1945, wenye beti zipatazo 3,000.

Elfu tatu! Msiogope, tupige hesabu. Mtu akitunga beti mbili tu kila siku, atahitaji siku 1,500. Hiyo ni miaka minne na mwezi mmoja hivi. Vita vyenyewe vilidumu miaka sita. Beti mbili si mzigo wa kumshinda karani. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane, na kipande cha mizani minane ni kidogo kiasi kwamba unaweza kukihesabu kwa vidole ukiwa njiani, bila kalamu wala taa. Chukua mtoto anayetoka kisimani:

Maji yangu yamwagika,
bado kwetu sijafika,
shingo nayo yakatika,
mama njoo nipokee.

Huo nimeutunga sasa hivi mnaponitazama, kwa hiyo msiutafute kitabuni. Hesabuni mizani: ma-ji-ya-ngu-ya-mwa-gi-ka. Minane. Mtoto wa kisimani angeweza kuutunga kabla ya kufika nyumbani, akauandika baada ya kutua ndoo. Wazee wetu hawakupima utenzi kwa mizani minane ili uwe mgumu. Kipimo hicho kinashikika kichwani, na kichwa ndicho daftari lisilolowa maji.

Shaaban Robert ndiye pia aliyekwenda kumsikiliza Siti binti Saad aliyekuwa amezeeka, akaandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Karani aliyeandika baada ya kazi akamwandika muuza vyungu aliyeimba ndani ya kazi. Mimi jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Lakini subirini. Mjukuu wangu mmoja pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: karani akirudi jioni akaketi kuandika, chakula alipika nani?

Swali zuri, na ni swali ambalo vitabu vingi vinavyosifu watunzi havilijibu. Lipo jibu moja lililoandikwa na mtunzi mwenyewe, nalo linatoka Uingereza, kwa hiyo vaeni masweta.

Kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Anthony Trollope. Alizaliwa mwaka 1815 na akaingia kazi ya posta akiwa kijana. Yeye ndiye aliyeshauri yale masanduku ya barua ya kusimama kando ya barabara, yakaanza kujaribiwa katika kisiwa cha Jersey mwaka 1852. Kazi yake ya posta aliifanya kweli, alipanda farasi na treni kukagua njia za barua huku na huko. Na bado aliandika riwaya 47. Alifanyaje? Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoandika jana. Kisha aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Saa tatu zikiisha alifunga karatasi, akavaa, akaenda ofisini. Na alipokuwa safarini aliandika ndani ya treni, ubao mdogo ukiwa mapajani.

Watu wakisimulia habari za Trollope huishia hapo na kuwaambia watoto waamke mapema. Mimi sitaishia hapo. Saa kumi na moja na nusu, katika baridi ya Uingereza, giza totoro, nani alimwamsha?

Alimwamsha mzee mmoja, mtunza farasi wake. Kazi ya mzee ilikuwa kumwita bwana na kumletea kahawa, na kwa ajili hiyo aliongezewa pauni 5 kwa mwaka. Piga picha: ili kahawa iwe tayari saa hiyo, moto uliwashwa saa ngapi? Mzee aliamka kabla ya mwamkaji. Trollope, kwa sifa yake, hakuficha. Alipoandika maisha yake, kitabu kilichotoka mwaka 1883 baada ya yeye kufa, alikiri kwamba kwa mafanikio yake anadaiwa na mzee yule kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini majalada ya zile riwaya 47 yana jina la Trollope peke yake.

Kwa hiyo nikiona mtu ana muda mwingi wa sanaa, huwa natazama jikoni kwake. Ama anaiba dakika ndani ya kazi zake mwenyewe kama Siti, ama kuna mtu mwingine anayezifanya kazi hizo. Si dhambi kusaidiwa. Mwanafunzi husaidiwa, mgonjwa husaidiwa, na mwenye kipaji naye asaidiwe. Ila kuna nyumba ambamo anayesaidiwa ni yule yule kila siku, na anayesaidia ni yule yule kila siku. Nasema kwa sauti ili na walioko uani wasikie: katika nyumba nyingi zetu, kaka akitoka shule anatupa begi na kwenda kwenye mpira, au anashika gitaa, na watu wazima wanasema ana kipaji. Dada yake anashika ufagio, kisha sufuria, kisha mtoto, na watu wazima wanasema ana tabia nzuri. Huenda dada ndiye mwenye kipaji kikubwa zaidi. Hatutajua, maana mikono yake haijawahi kukauka.

Msininunie, wavulana. Sufuria haimjui mwenye kuisugua. Nyumba moja ninayoifahamu waliandika zamu kwenye karatasi na kuibandika mlangoni: nani anaosha lini, nani anadeki lini, na pembeni, kwa wino wa rangi nyingine, kila mtoto akapewa jioni moja ya wiki ambayo haguswi na mtu. Jioni hiyo hata mgeni akija, si yeye anayechemsha chai. Mwanzoni kulikuwa na kelele nyingi na sahani zenye ukoko. Siku hizi kijana wa pale anajua kusugua masizi kwa majivu, na dada yake ameshona pazia la maua kwa mkono ambalo mama mtu anakataa kulifua akihofia litachuja.

Jioni isiyoguswa ni jambo la maana, kwa sababu si kila sanaa inaweza kufanywa huku unafua. Kuna wakati shairi limeshakaa kichwani na linataka kuandikwa, picha inataka mkono utulie na macho yatulie. Hapo unahitaji muda wako, hata uwe mdogo. Mabibi zetu walijua kuulinda muda wa namna hiyo kwa ujanja. Mmewahi kusikia kwamba ukisimuliwa hadithi mchana utaota mkia? Mimi niliamini miaka mingi na nilikuwa nikijipapasa. Baadaye nikaelewa: mchana ni wa jembe na kuni, na hadithi ikiruhusiwa mchana kazi zitalala. Lakini lisilosemwa ni upande wa pili wa mwiko ule. Usiku ukishaingia na vyombo vikishafunikwa, hadithi ilikuwa na haki yake kamili. Hakuna aliyemkatiza Bibi akamtuma dukani. Mwiko uliukinga mchana dhidi ya hadithi, na vile vile ukaikinga hadithi dhidi ya mchana.

Leo mwiko huo umevunjwa na simu. Zile dakika za foleni, za kungoja wali, za kulala kitandani kabla ya usingizi, ambazo zamani zilikuwa za ukili na mizani minane, simu inazikusanya zote na hairudishi chenji. Simu yenyewe siilaumu, hata mimi ninayo na ninaipenda kwa kuongea na shangazi zenu walio mbali. Nawaambia tu kwamba anayesema hana hata dakika kumi za kuchora, apime kwanza zilikokwenda.

Na kabla hatujaendelea: asitokee mtu kesho akaenda shule bila kupiga mswaki akasema Bibi amemwambia sanaa kwanza. Mwili ndio unaoshika penseli. Mtu mwenye njaa na kikohozi hatungi vizuri, hata wasimulizi wakipenda kusema kwamba shida huzaa mashairi. Shida huzaa zaidi shida.

Nimebakisha mmoja, na huyu nimemweka mwisho makusudi, maana hakuwa na mzee wa kumletea kahawa.

Buchi Emecheta alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1944. Aliolewa akiwa binti mdogo sana, na mwaka 1962 akamfuata mumewe London. Huko akapata watoto wakifuatana, akafanya kazi maktaba, akapika, akafua, na katikati ya hayo akaandika riwaya yake ya kwanza kwa mkono. Mumewe aliichukua miswada ile akaichoma moto. Yote. Emecheta akaondoka katika ndoa hiyo akiwa na umri wa miaka 22 hivi, na watoto watano wa kulea peke yake katika mji wa baridi ambako hakuwa na shangazi wala bibi wa kumpokea mtoto mgongoni.

Nani aliosha vyombo kwake? Yeye. Nani aliwaogesha watoto watano? Yeye. Na alisoma chuo kikuu, somo la elimu ya jamii, akafaulu. Na aliandika. Habari fupi za maisha yake alizipeleka kwenye jarida, jarida likazichapa, na mwaka 1972 zikawa kitabu chake cha kwanza. Hakuwa na chumba cha kujifungia, watoto walikuwa humo humo ndani, wakilia, wakicheza, wakigombana. Kitabu cha pili kilipotoka mwaka 1974 alikitoa tabaruku kwa watoto wake, akimtaja kila mmoja kwa jina, na alichowashukuru ni kelele zao! Wengine husema hawawezi kuandika kwa sababu ya kelele za watoto. Yeye alisema kitabu kisingeandikwa bila kelele hizo.

Mjukuu mmoja ananiuliza, na ile riwaya iliyochomwa je? Aliiandika upya, kuanzia ukurasa wa kwanza. Ilitoka mwaka 1976, ikiwa kitabu chake cha tatu badala ya cha kwanza, maana ilibidi ingoje zamu yake nyuma ya chakula cha jioni cha watu sita.